Mwaka Mtaa Wetu Ulipogeuka Buluu

Mwanaidi hakunielekeza njia kwa maneno. Alinitumia lokesheni kwenye simu, akaandika chini yake, "Fuata hiyo, usisimame kuuliza mtu, chakula kitapoa." Nikapanda boda pale stendi ya Singida na mkoba wangu na zawadi ya binti yake anayeolewa. Kijana wa boda alinipa shikamoo, akaichomeka simu yangu kwenye kishikio mbele yake, na sauti ya mwanamke ikaanza kutuamuru: kushoto, kulia, nenda mbele. Nilicheka peke yangu nyuma ya yule kijana. Mtaa ule niliwahi kuutembea peku, nikaupaka rangi ukuta kwa ukuta, na leo napelekwa huko na mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga vumbi lake! Vumbi lenyewe halipo tena. Kuna lami, kuna mitaro iliyofunikwa, kuna taa za sola zinazowaka zenyewe giza likiingia. Kila nyumba ina kibao chenye namba na kila kona ina nguzo yenye jina la barabara. Siku zetu barabara haikuwa na jina, ilikuwa na watu. Saluni, maduka ya dawa na mawakala wa pesa wote wana mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine, na kwa mengi ningeweza kukwambia yametoka kwenye mashine ya aina gani, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha huko Dodoma ninakoishi. Watu wa rika langu wanapenda kuisikitikia mitaa ya zamani. Mimi siwezi. Vumbi lile nililila, najua ladha yake.

Mwanaidi alikuwa getini, amenenepa vizuri, kitenge kipya, mikono inanukia vitunguu. Tulikumbatiana hadi kilemba chake kikaanguka. "Umefika bila kupotea!" akasema. Nikamwambia ningepoteaje kwenye mtaa wangu mwenyewe. "Waulize wakwe zangu," akajibu, na hapo tukaanza kucheka, cheko la watu wazima wenye magoti mabovu, mpaka akina mama waliokuwa wanapepeta mchele wakageuka kutushangaa. Binti yake akatuuliza kuna nini. Mwanaidi akafuta machozi, akasema, "Mwulize huyu. Huyu ndiye aliyepaka." Basi nikamsimulia yule binti, na sasa nakusimulia na wewe.

Ulikuwa mwaka simu za mkononi zilipofika Singida. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu tuyaache yalale, na nilikuwa nakaa kwa Mama Mdogo Hadija na mumewe, Baba Mdogo Iddi. Chumba changu ndicho kilichokuwa stoo ya alizeti. Kitanda kilibanwa na magunia pande mbili, na ukilala ulisikia panya wakifanya kazi zao kwa bidii kuliko watu. Dirisha dogo lilitazama ua wa jirani, Mzee Hassani, baba yake Mwanaidi. Mimi na Mwanaidi tulikuwa tunaongea kupitia dirisha hilo kuanzia asubuhi, yeye akifuma sweta kwenye kigoda, mimi nikichambua mboga au nikijifanya nachambua. Mbele kulikuwa na mashine ya kukamua mafuta, na msimu wa mavuno ngurumo yake ilianza baada ya chai na kuendelea hadi jioni, na harufu ya mashudu iliingia hadi kwenye maziwa.

Mtaa wetu siku zile ulisomwa ukutani. Fundi Masoud, mchoraji pekee tuliyekuwa naye, alikuwa amechora karibu kila ukuta. Kwa kinyozi kulikuwa na kichwa chenye nywele zilizochanwa njia katikati. Kwenye mgahawa kulikuwa na birika linalofuka moshi. Kwao Mwanaidi, kwa kuwa mama yake aliuza kuku na mayai, kulikuwa na jogoo mwekundu, kilemba juu, mkubwa kama ndama. Mtu akitoka Ilongero au Mwankoko kuja mjini hakupewa namba wala jina la barabara. Aliambiwa, "Ukiipita mashine ya alizeti, tafuta jogoo." Alifika, alipata maji ya kunywa, mambo yakaisha. Mimi nilikuwa namfuata Fundi Masoud kila nilipotoroka mboga. Alinifundisha kushika brashi, kupima mstari kwa uzi wenye chaki, na kuandika herufi. "Kila mtu anaweza kuandika I," aliniambia. "O ndiyo inayomuumbua fundi." Niliandika O kwenye mabati, kwenye mbao, kwenye magunia niliyolala nayo. Siku niliyoandika O iliyokaa sawa bila kurudiwa sikuweza kula, nilikuwa nimeshiba furaha.

Ndipo ikaja kampuni ya simu. Walikuja na gari lenye spika juu, muziki mbele, ndoo za rangi nyuma, na msimamizi kutoka Dar es Salaam aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Wakatangaza kuwa mwenye nyumba akikubali, nyumba yake itapakwa rangi bure, yote, buluu, na nembo ya kampuni mbele. Bure! Mtaa ulitaka kupigana. Watu ambao kuta zao hazijawahi kuona hata chokaa walisimama mlangoni wakimwita msimamizi kama anagawa ng'ombe. Fundi Masoud akachukuliwa kuongoza kazi, naye akasema hafanyi kazi bila mimi. Nikavaa suruali ya zamani ya Baba Mdogo, nikaifunga kamba kiunoni, nikapanda ngazi. Jioni ile, tukiwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, nilisikia mashauri yangu yakijadiliwa kana kwamba mimi ni kikombe mezani. "Mtoto wa kike juu ya ngazi, mtaa mzima unamtazama," alisema Baba Mdogo. "Ataolewa na nani?" Mama Mdogo akamega tonge. "Na atakayeinua kichwa," akajibu. Baba Mdogo hakucheka, ila hakunikataza.

Sijui nikuelezeje raha ya wiki ile. Upepo wa Singida unaujua, hauna adabu. Ulitupulizia vumbi kwenye rangi mbichi, ukapeperusha magazeti tuliyofunikia madirisha, ukatuachia manyoya ya kuku yamenata ukutani. Tulipaka, tukakwangua, tukapaka tena. Kila nikishuka kwenye ngazi nilirudi nyuma hadi katikati ya barabara kutazama, na kila nikitazama mtaa ulikuwa umekuwa mwingine. Duka la vitenge likaisha, kinyozi akaisha, mgahawa na birika lake vikaisha. Nilikuwa nadhani mitaa inajiotea yenyewe kama nyasi. Kumbe mtaa unatengenezwa na mtu mwenye ndoo, na mtu huyo anaweza kuwa mimi! Leo najua rangi ile haikudumu. Kampuni nyingine ilikuja na njano yake ikatufunika, baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango, sasa pale mjini kuna bango linalowaka na kubadilika picha wakati unalitazama. Nimeyafuata yote hayo kwa mikono yangu, na kila mara moyo unanidunda vilevile kama juu ya ngazi ile.

Mzee Hassani alikataa mwanzoni. Alikuwa mtu wa kusimamia neno lake hata kama limekosea njia. Lakini alipoona nyumba za pande zote zinang'aa na yake imebaki kama jino bovu, alimtuma mkewe amwite msimamizi. Siku ya Jumanne nikapitisha rola juu ya yule jogoo. Mwanaidi alinishikia ngazi. "Mkia umebaki," aliniambia, nami nikaufuta mkia.

Mwanaidi alikuwa na siri ambayo mimi na mama yake tuliijua. Alimpenda kijana wa Ilongero anayeitwa Shabani, fundi baiskeli, aliyekuja mjini siku za mnada. Ile sweta aliyokuwa anaifuma chini ya dirisha langu ilikuwa ya Shabani. Mzee Hassani yeye alikuwa na mtu wake, mfanyabiashara wa mafuta aliyefiwa na mke, mwenye watoto wakubwa kumzidi Mwanaidi. Mama yake alilia, akanuna, akapika vibaya kwa makusudi, mpaka mzee akakubali kuwasikiliza watu wa Ilongero. Lakini aliweka sharti, nami nililisikia kwa masikio yangu kupitia dirishani: "Waje Jumamosi. Adhana ya alasiri ikitoka hawajagonga mlango wangu, nisisikie tena jina la Ilongero ndani ya nyumba hii. Jioni nitampa jibu mwenye mafuta." Habari ikapelekwa. Mwanaidi alisukwa asubuhi na mapema, akachinjiwa jogoo wa kweli, akakaa chumbani kusubiri.

Wazee wa Ilongero walitoka kwao asubuhi, watu watatu, wakapata nafasi kwenye lori la alizeti. Aliyewaongoza alikuwa mshenga wao, Mzee Athumani, mrefu, mtaratibu, ana simu mpya aliyoazimwa kwa heshima ya safari, ameivaa shingoni kwa kamba. Waliipita mashine ya mafuta kama walivyoelekezwa, wakatafuta jogoo. Hakuna jogoo. Nyumba zote buluu, zote na nembo ileile. Sasa Baba Mdogo Iddi alikuwa amekaa kibarazani kwake amevaa kanzu safi na kofia, anasubiri usafiri wa kwenda arusini Mwankoko. Wao walipomwona mzee mwenye kanzu mbele ya nyumba, wakajua wanasubiriwa. Yeye alipoona wazee watatu wenye vumbi la safari wanamtazama, akasimama. "Karibuni, wazee wangu, karibuni ndani." Na kwetu mgeni wa umri ule, aliyetoka mbali, humwulizi amefuata nini kabla hajala. Na mgeni mwenye adabu hasemi. Hivyo ndivyo adabu ya pande mbili ilivyofunga mlango ukweli usipite.

Nilirudi nyumbani mchana kula, nikakuta Mama Mdogo ananyonyoa kuku na anaimba. Niliambiwa nivue suruali, nioge, nivae kitenge, kuna wageni. Rangi ya mikononi haikutoka. Niliwapelekea maji ya kunawa nikiwa nimeinamisha macho kama inavyotakiwa, na sikuwajua, wala wao hawakunijua, kwa kuwa Shabani mwenyewe, kwa desturi, hakuja nao. Walikula vizuri sana. Ile simu ilikuwa imewekwa mezani karibu na chumvi, kwa kuonekana, na haikulia hata mara moja. Siku zile ndani ya nyumba za mtaa wetu hakukuwa na mtandao. Ukitaka kupiga ulipanda juu ya jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya mashine, ukasimama pale na wenzako mkipiga kelele kuelekea pande zote za nchi. Mzee wa kanzu hawezi kupanda jiwe.

Mimi na Mama Mdogo tulikuwa nyuma ya pazia tunakusanya vyombo, tuliposikia Mzee Athumani anasafisha koo.

"Mzee mwenzangu, tumekula, tumeshukuru. Sasa tuseme kilichotutoa Ilongero."

"Semeni. Hapa ni kwenu."

"Tuna kijana. Kijana ameona binti katika nyumba hii."

Baba Mdogo akauliza, "Nyumba hii?"

"Hii. Tumesikia sifa zake. Tunasikia ni mpole."

Mama Mdogo alinitazama.

"Tunasikia hainui sauti mbele za watu."

"Eeh..." Baba Mdogo akakohoa. "Endeleeni, wazee."

"Na mikono yake! Sweta aliyomfumia kijana wetu, baridi ya mwaka huu haijaipenya hata siku moja."

Niliishika meza. Mimi sijawahi kufuma. Ilongero, sweta, kijana: damu ilinipanda hadi masikioni. Wageni wa Mwanaidi walikuwa wamekaa kwetu wameshiba, na ng'ambo ya uzio Mwanaidi alikuwa anahesabu pumzi. Mama Mdogo naye alikuwa ameelewa, niliona machoni mwake, na akanikamata mkono. "Kaa," akaninong'oneza. "Riziki imejileta yenyewe mlangoni. Yule mwenzio, Mungu atampa wake." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameomba dua kwa ajili yangu kwa muda mrefu, na sasa dua imeingia na viatu vyake imekaa kwenye kochi. Huko sebuleni nikasikia kifuniko cha dumu kinafunguliwa. Walikuwa wamebeba asali kutoka kwa mjomba wao wa Rungwa, na Mzee Athumani alikuwa anaeleza kuwa kwa ukoo wao mwenye nyumba akishaionja, neno limefungwa, halifunguliwi. Nikasikia Baba Mdogo anaitikia, sauti yake imejaa. Nilijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya furaha, na nilikuwa sijawahi kuisikia ikitoka kwa sababu yangu.

Nilichomoka, nikamwachia Mama Mdogo kitenge cha juu mkononi mwake, nikapita pazia. Nikapiga magoti. "Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti, marahaba."

"Baba Mdogo, usionje."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa dumu. Hakuna aliyewahi kusikia binti akisema kitu wakati kama ule. Nikaendelea kabla uoga haujanifikia. "Mimi sijui kufuma hata soksi. Anayefuma ni Mwanaidi, na kwao ni hapo jirani. Anawasubiri nyinyi tangu asubuhi. Adhana ya alasiri ikitoka hamjagonga, anapewa mtu mwingine."

Mzee Athumani alizungusha macho sebuleni taratibu. "Tuliambiwa nyumba ya jogoo."

"Jogoo nilimfuta mimi." Nikawaonyesha mikono yangu.

Mmoja wa wale wazee wawili, ambaye tangu aingie hakuwa amefungua kinywa ila kwa kula, akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Baba Mdogo. Kwa muda wa mlo mmoja alikuwa mtu mwenye binti anayetafutwa kutoka mbali, na nilikuwa nimemvua heshima hiyo mbele ya wageni. Nilimwonea huruma hadi nikataka kulia. Alifunika dumu la asali, akabonyeza kifuniko vizuri kwa kiganja, akasimama, akaweka kofia yake sawa. "Wazee," akasema, "mmekula kwangu, ninyi ni wageni wangu. Kwa Hassani hamwendi peke yenu. Twendeni."

Tulipita njia ya mkato, pengo la uzio, katikati ya kuku. Mzee Athumani alijipenyeza kati ya uzio na ukuta wa kwao Mwanaidi, ukuta ambao kwa sababu ya unyevu wa upande ule rangi yake ilikuwa bado mbichi, akatoka upande wa pili na bega moja la buluu. Mzee Hassani alikuwa mlangoni ameshika birika la kutawadhia, na mwadhini alikuwa anajaribu kipaza sauti, tunasikia pumzi yake. "Hodi!" Mzee Athumani akapaza sauti, mzee yule mtaratibu, kama mtu aliyekanyaga moto. "Hodi hapa kwa Mzee Hassani!" Ndipo adhana ikatoka.

"Mmechelewa," alisema Mzee Hassani.

"Hawakuchelewa," Baba Mdogo akajibu. "Walikuwa kwangu tangu mchana, mimi ndiye niliyewachelewesha kwa chakula. Ukiwakataa wao, umenikataa mimi jirani yako."

Mzee Hassani aliitazama kanzu ya Mzee Athumani yenye bega la buluu, akautazama ukuta wake. "Na jogoo wangu nani amemfuta?"

"Uliomba mwenyewe!" mkewe akamjibu kutoka ndani. "Wakaribishe watu!"

Akawakaribisha. Baada ya swala ikabidi wale tena, kuku mzima, kwa sababu kukataa chakula cha ukweni siku ya posa ni kujivunjia posa. Kupitia dirisha langu la magunia nilimwona Mzee Athumani akimeza tonge huku amefumba macho. Asali ilionjwa. Mwanaidi alitoka nyuma ya nyumba mbio na nywele zake mpya, akaja chini ya dirisha langu, akakamata vyuma vyake kwa mikono yote miwili, akavitikisa kwa furaha hadi vumbi la ukuta likadondoka.

Kabla ya kupanda lori la kurudi, wazee walipita kwetu kuaga. Walikuwa wanatembea polepole, wameshikilia matumbo. Baba Mdogo alikuwa kibarazani, arusi ya Mwankoko imeshampita, na tangu alasiri hakuwa amenisemesha. Mzee Athumani akaniita mbele yake. "Binti," akasema, "nimekwenda posa nyingi, sijawahi kuzuiwa kuonjesha asali na mtu mwenye mikono ya buluu. Kuolewa na kijana wetu hukutaka. Wewe unataka nini?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza maishani mwangu. Nililijibu haraka, niliogopa atalirudisha mfukoni. "Nataka kwenda Dodoma kujifunza kuchora na kutumia mashine za mabango. Msimamizi wa rangi anasema wako wanaofundisha."

Wazee wote watatu wakamgeukia Baba Mdogo. Mashine ya mafuta ilikuwa imezimwa, tunasikia upepo tu. Alinitazama miguu hadi kichwa, kisha mikono.

"Ninyi ni mashahidi, wazee," akasema. "Leo nimeombwa binti asiyekuwa wangu, nikamtoa kwa furaha. Huyu ambaye ni wangu anaomba mwenyewe. Nitamnyima kwa mdomo gani?"

Nyuma ya pazia, Mama Mdogo akapiga kigelegele.